Pampu Iko Wapi?

Jacktone, mume wangu, ni mtu wa kuuliza. Akinunua dawa ya kikohozi husoma karatasi yote iliyokunjwa ndani ya boksi, kisha humrudia mwenye duka kumuuliza kwa nini isinywewe na maziwa. Tulipokuwa tukifundishwa mambo ya ndoa kanisani, kule Kisumu, alimuuliza mchungaji kama naye huwa anamwomba mkewe msamaha. Mimi nilicheka. Mchungaji alifunga Biblia akasema tutaendelea Jumamosi.

Kwa hivyo siku polisi walipomfuata kazini huko Moiben, wakamkuta amechuchumaa kando ya tangi la kupoza maziwa ya wafugaji, spana mkononi, maana ni fundi wa friji na mitambo ya kupoza, wakamwambia anatakiwa kituoni kwa sababu ya swali, yeye alitaka kwanza kujua ni swali gani. Alikuwa ameuliza mengi mwaka huo.

Lilikuwa hili: "Pampu iko wapi?"

Sisi tunakaa mtaa wa Langas, upande ambao watu wanauita Mwisho wa Lami. Wakaazi walichanga miaka ya nyuma wakachimba kisima kirefu, wakateremsha pampu ya umeme ndani na kuinua tangi juu ya nguzo nne. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Nicanor, fundi wa kupaka magari rangi, mtu wa maneno machache aliyeheshimiwa na wengi. Mwaka huo, baada tu ya Krismasi, mifereji ilikauka. Nicanor akatuambia barazani kwamba pampu imeharibika, imetolewa, na iko kwa fundi.

Tukangoja. Shule zikafunguliwa, mahindi ya wale wenye mashamba yakauzwa yote, watu wakaanza kulima upya, na sisi bado tunanunua maji kwa mikokoteni. Kwenye baraza la pili Jacktone alisimama.

"Mwenyekiti, iko kwa fundi gani? Mimi nashinda na mapampu. Naweza kupitia huko niiangalie."

"Mambo yanaenda kwa utaratibu," Nicanor akasema, akaita ajenda iliyofuata.

Jacktone alimpigia simu mara mbili hivi, haikushikwa. Ndipo jioni moja, akiwa amekaa kwenye kochi anangoja ugali, akaandika kwenye ukurasa wa mtaa wetu katika Facebook maneno yale matatu. Hakuweka picha wala jina la mtu. Alitia alama ya kuuliza mwishoni, akaja mezani.

Sijui kwa nini maneno mengine hushika moto na mengine hapana. Kufikia mwisho wa wiki vijana wa bodaboda walikuwa wameyafanya salamu. Mmoja akisema "Niaje?" mwenzake anajibu "Pampu iko wapi?" Mtu akayaandika kwa rangi nyeupe kwenye nguzo ya tangi. Kisha Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, kundi likasimama nje ya geti la Nicanor likiyaimba kwa sauti ya pambio. Mkono ambao haujajulikana mpaka leo ukarusha jiwe, kioo cha sebule kikavunjika. Bridgit, mke wa Nicanor, alikuwa ndani. Nasema hili kwa sababu watu wakisimulia kisa chetu hupenda kuliruka.

Jacktone hakuwa pale. Alikuwa nyumbani anatengeneza pasi. Lakini Nicanor alipokwenda kupiga ripoti, jina alilokuwa nalo lilikuwa moja tu.

Shtaka lilikuwa kuchapisha habari za uongo mtandaoni kwa nia ya kumharibia mtu jina. Kwa hakimu kesi haikuchukua muda. Hakimu alisema mshtakiwa amejificha nyuma ya alama ya kuuliza kama mtu anavyojificha nyuma ya mlango, na kwamba kila aliyesoma alijua ni nani anayeitwa mwizi. Akampa kifungo cha nje, na amri juu yake: asiandike wala kutamka neno lolote kuhusu pampu ile hadharani.

"Mheshimiwa," Jacktone akauliza, "nyumbani je?"

Hakimu alidhani anadharauliwa. Nilimvuta shati akae.

Tulikata rufaa Mahakama Kuu, tukashindwa. Wakili tuliyekuwa naye akasema turudi nyumbani tushukuru Mungu kwamba hakufungwa ndani. Mimi nilikuwa tayari kushukuru. Ila Jacktone alibadilika. Alirudi kazini, alikula, alilala, lakini alinyamaza. Akinunua kitu alichukua chenji bila kuuliza lolote. Siku moja fundi wa televisheni alimweleza jambo lisilo na kichwa wala miguu, naye akaitikia tu, "Sawa." Nikajua mume wangu anaumwa.

Aliyetuokoa hapo ni jirani yetu Mzee Abdinasir, mwenye malori ya kusafirisha nafaka. Alikuwa amefuata kesi tangu mwanzo, na kila tukipita mbele ya duka lake alitingisha kichwa.

"Mama Cyril," aliniita asubuhi moja, "mtoto wa ndugu yangu ni wakili. Hafsa. Ofisi yake iko juu ya duka la mbolea. Mpeleke mumeo kwake."

"Mzee, tumeshindwa mara mbili."

"Ndiyo. Bado kuna mlango mmoja. Nenda mkaugonge."

Hafsa alikuwa msichana mrefu, buibui nyeusi, raba nyeupe miguuni, na meza ambayo huwezi kuona mbao zake kwa karatasi. Alitusikiliza bila kutukatiza. Tulipomaliza hakusema neno la pole. Alichukua kalamu akachora alama kubwa ya kuuliza kwenye karatasi tupu, akaigeuza ituelekee.

"Mahakama ya Rufaa haitaki kujua kama mlinunua maji kwa mkokoteni," alisema. "Huko wanaangalia sheria tu. Na hapa kuna jambo la sheria ambalo sijaona mtu akiliuliza. Je, swali linaweza kuwa uongo?"

Jacktone alisogea mbele kwenye kiti. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi.

"Linaweza?" akauliza.

"Sijui," Hafsa akasema, akatabasamu. "Ndiyo maana nataka kesi yenu."

Kutoka siku hiyo swali lile lilihamia kwangu. Mimi nafanya kazi kwenye duka la miwani mjini. Mteja akikaa kwenye kile kiti, namwekea kioo kimoja mbele ya jicho, kisha kingine, namuuliza, "Ni afadhali hivi, au hivi?" Nimeuliza hivyo miaka mingi bila kufikiria. Sasa nikaanza kujisikiliza. Hilo, nikaona, haliwezi kuwa uongo. Lakini yule mama aliyemuuliza mwanawe mbele ya watu, "Leo umeoga?" alikuwa anauliza au anatangaza? Na mwenye nyumba wetu akisema, "Mnapanga kuhama lini?" wakati hatujasema tunahama? Nilikuwa nikirudi jioni namletea Jacktone maswali ya siku hiyo, tunayapanga mezani, haya safi, haya yana kitu ndani. Alianza kucheka tena.

Hafsa naye alikuwa anatafuta. Alisoma hukumu za India, za Afrika Kusini, na rundo zima la mahakama za rufaa za shirikisho kule Marekani. Aliniazima baadhi, nikazisoma kwenye mapumziko ya chakula cha mchana, kamusi kando. Nilidhani nitakuta mambo makubwa ya marais na majeshi. Kumbe nyingi zilikuwa za watu kama sisi: mzazi aliyewasumbua wakuu wa shule kwa maoni yake mpaka wakamfungia nje ya kurasa zao, mtu aliyefutiwa maandishi na kiongozi wa mji mdogo. Na majaji wenyewe hawakukubaliana. Mahakama hii ya rufaa imesema hivi, ile ya eneo lingine imesema vile. Jambo hilo lilinishangaza kuliko yote. Nilikuwa nimedhani huko juu watu wanajua.

Katikati ya kungoja, Bridgit aliingia dukani kwetu.

Hakujua kwamba nafanya kazi pale, au labda alijua. Alisimama mlangoni akinitazama, kisha akaja akakaa kwenye kiti. Maandishi madogo hayaoni tena vizuri, alisema. Nikamvisha fremu ya kupimia, nikazima taa kubwa.

"Ni afadhali hivi, au hivi?"

"Hivi."

"Sasa hivi, au hivi?"

Hakuchagua kioo. Nikadhani hajasikia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kuvua ile fremu nzito, "Lynette, hata wewe unafikiri tuliiba?"

Ningeweza kumwambia hapana. Ingekuwa adabu.

"Sijui, Bridgit," nikasema. "Ndiyo maana tuliuliza."

"Mngejua tu." Machozi yalikuwa yanatiririka chini ya vioo. "Nicanor ukimwambia aseme, anasema watu watacheka. Nikamwambia bora kuchekwa. Hataki. Sasa mtoto wetu shuleni anaitwa Pampu."

"Aseme nini?"

Alivua fremu, akaniwekea mkononi taratibu, akatoka. Sikumfuata. Nilibaki na lile neno: watacheka. Mwizi haogopi kuchekwa. Nilimwambia Jacktone usiku huo, naye akakuna kidevu muda mrefu, lakini amri ya mahakama ilikuwa juu yake na hakuthubutu hata kupita karibu na geti la Nicanor.

Siku ya kusikizwa kwa rufaa mvua ilinyesha toka alfajiri na mahakama ilikuwa baridi kama friji za Jacktone. Mzee Abdinasir alikuja na kofia yake ya kufuma. Nicanor alikuwa amekaa nyuma kabisa, peke yake, koti la mvua likimchuruzikia sakafuni. Majaji walikuwa watatu. Katikati alikaa mama mwenye miwani, na mimi kwa mazoea ya kazi niliona mara moja kwamba fremu imemlegea. Kila mara aliisukuma juu kwa kidole. Walizungumza Kiingereza cha mahakama, lakini nitawaeleza nilivyoelewa.

Hafsa alisimama.

"Waheshimiwa, uongo ni kitu unachoweza kukiweka kando ya ukweli ukavilinganisha. Mtu akisema pampu imeibwa, nendeni mkaangalie kama imeibwa. Lakini akisema iko wapi, mtalinganisha na nini? Swali halina ukweli wala uongo. Lina majibu tu."

Wakili wa serikali aliitwa Walubengo, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akasimama akasema, "Waheshimiwa, kwa heshima ya mwenzangu, nitauliza swali moja tu. Mtu akiniuliza hapa mbele yenu, 'Walubengo, umeacha lini kumpiga mke wako?' je, hajasema lolote?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa swali zuri, na tulikuwa tumewahi kulipanga mezani kwetu.

Jaji wa kulia, mzee mwembamba, alimgeukia Hafsa. "Hilo ni la kujibiwa, wakili."

"Ni la kujibiwa, Mheshimiwa, na nashukuru. Swali hilo limebeba mzigo mgongoni. Limebeba kwamba alikuwa anampiga mkewe. Huo mzigo tunaweza kuutua chini tukaukagua. Sasa tutue mzigo wa 'Pampu iko wapi?' Ndani kuna nini? Kwamba kuna pampu. Ni kweli. Na kwamba iko mahali fulani. Kila kitu kiko mahali fulani."

"Na kwamba haiko mahali pake," alisema jaji wa kushoto. Hakuwa amefungua mdomo mpaka hapo.

"Hilo pia ni kweli, Mheshimiwa. Mwenyekiti mwenyewe aliwatangazia wakaazi kwamba imetolewa. Liko kwenye ushahidi wake."

Jaji wa kushoto aliandika kitu. Nilimwona Nicanor akiinama, viwiko juu ya magoti.

"Umetuletea hukumu nyingi za Marekani," mzee mwembamba aliendelea. "Nimezisoma. Kuna hata moja inayohusu swali?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Zinahusu mwananchi kumwandikia aliye na madaraka mahali ambapo wengine wanasoma."

"Na wao hawapatani."

"Hawapatani."

"Basi tutabaki na Katiba yetu, ibara ya thelathini na tatu ya uhuru wa kujieleza, ambayo walau tunayo hapa mezani."

Ndipo yule mama wa katikati akasukuma miwani juu, akamtazama Walubengo kama mtu anayeuliza njia.

"Bwana Walubengo, hebu tusaidie. Pampu iko wapi?"

Walubengo alipekua kurasa zake. "Haimo kwenye kumbukumbu za kesi, Mheshimiwa."

"Mwenyekiti alitoa ushahidi. Hakuulizwa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Fundi aliyepelekewa hakuitwa?"

"Hakuitwa."

"Kesi imepita mahakama mbili, na hii ya tatu. Hakuna mtu yeyote aliyeuliza?"

Nadhani Walubengo alijua linalokuja, lakini alikuwa mtu mkweli. "Mrufani aliuliza, Mheshimiwa."

Mahakama nzima iliangua kicheko, hata karani, hata Walubengo mwenyewe. Mzee Abdinasir alijifuta macho kwa kofia. Nilipogeuka kumtazama Nicanor, kiti chake kilikuwa kitupu.

Hukumu ilisomwa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Ilikuwa ndefu, na Hafsa alitufundisha baadaye sehemu ya kuikumbuka. Majaji walisema kwamba si kila anayeweka alama ya kuuliza mwishoni mwa matusi amepata kinga. Yako maswali yanayobeba uongo, na mwenye kuubeba atajibu. Lakini serikali ikitaka kumwadhibu mtu kwa uongo, kwanza ionyeshe ukweli ni upi, na hapa hakuna aliyeuonyesha. Tena mwananchi ana haki ya kuuliza kitu alichochangia kiko wapi, na kuuliza kwa sauti. Jaji wa kushoto alikubali Jacktone aachiliwe, ila akaandika maneno yake peke yake: kwamba asisahauliwe mwanamke aliyekuwa ndani ya nyumba kioo kilipovunjika, na kwamba kama kuna malalamiko ya jina kuharibiwa, yana mlango wake, si mlango wa jela. Mimi niliyapenda maneno hayo, ingawa sikumwambia Hafsa.

Amri ilifutwa. Jacktone alikuwa huru kulitamka lile neno popote atakapo. Watu wa Mwisho wa Lami waliokuja walikuwa wanangoja alipigie kelele pale kwenye ngazi za mahakama. Simu zilikuwa zimeinuliwa tayari. Yeye alipita katikati yao. Nicanor alikuwa amesimama peke yake mwisho wa veranda. Bridgit alikuwa amemshika mkono siku hiyo akamleta, kisha akasogea pembeni. Jacktone alimfikia, na mimi nilikuwa nyuma yake hatua chache.

"Nicanor, ndugu yangu," akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "pampu iko wapi?"

Nicanor alimtazama Bridgit. Kisha akajibu, "Iko kisimani."

Hatukuelewa.

"Haijawahi kutoka," Nicanor akasema. "Fundi wa kuitoa alitaka pesa nyingi. Nikasema tusiwasumbue watu, tutaivuta wenyewe, mimi na wale wenzangu wawili wa kamati. Tuliivuta mpaka nusu. Kamba ikaachia, pampu ikarudi chini na mabomba yake yote. Kamba yenyewe ilikuwa ya kufungia ng'ombe, Jacktone. Ningesimama vipi barazani niseme mwenyekiti ameangusha maji ya mtaa mzima kwa kamba ya ng'ombe? Nikasema iko kwa fundi, nitafute njia. Njia sikuiona. Halafu wewe ukauliza."

Nilingoja Jacktone aseme kitu kuhusu polisi, kuhusu mwaka mzima wa kutembea akitazama chini. Niliona taya zake zikikaza.

"Kamba ilikatika," akauliza hatimaye, "au fundo lilifunguka?"

Nicanor alifikiri. "Fundo. Lile la huku juu lilifunguka."

"Basi kamba nzima imebaki juu yake. Inaweza kunaswa."

Jioni ile nilipanda ngazi za Hafsa kumweleza. Alisikiliza, akaweka kalamu chini.

"Haiko mahali pake," akasema polepole. "Niliwaambia majaji watatu kwamba hilo ni kweli."

"Ulisema alivyosema Nicanor."

"Ndiyo. Lakini pampu ilikuwa palepale. Kwa hivyo lile swali, Lynette, lilikuwa limebeba uongo. Mdogo. Na aliyeuweka mgongoni mwake ni mlalamishi mwenyewe." Aliinuka akaenda dirishani, akarudi. "Sasa hiyo ingekuwa kesi ya namna gani?" Hakuningoja nijibu. Alimpigia simu Walubengo, na nilimsikia akicheka upande wa pili mpaka Hafsa akaiondoa simu sikioni.

Mzee Abdinasir alileta lori lenye winchi. Jacktone alimwita rafiki yake wa Moiben anayechimba visima, wakaunganisha vyuma na kutengeneza ndoano yenye meno matatu. Nusu ya mtaa ilikuja kutazama. Nicanor alikuja na nguo za kazi, na bila kungoja kuulizwa akasimama juu ya jiwe akawaambia, kamba ya ng'ombe na yote. Walicheka. Walicheka sana, kama alivyoogopa. Halafu mzee mmoja akamuuliza kama angalau yule ng'ombe alirudishiwa kamba yake, na hapo Nicanor naye akacheka, na jambo likawa limepita, au sehemu yake kubwa.

Siku ya kwanza ndoano haikushika kitu. Siku ya pili ilishika kikatoka kipande cha bomba. Jacktone alikuwa amelala kifudifudi kando ya mdomo wa kisima, sikio chini, akimwuliza Nicanor waliivuta wakisimama upande gani, walikuwa wamefikia bomba la ngapi. Nicanor alijibu kila kitu. Alasiri chuma kikakaza, lori likanguruma, na pampu ikaja juu imefunikwa tope jekundu, kamba ikining'inia.

Ilikuwa imekufa. Jacktone aliifungua pale pale, akatuonyesha nyaya zilizoungua. Watu walichanga upya, safari hii fundi akaitwa. Nicanor aliacha uenyekiti kwa hiari yake. Walimtaka Jacktone aushike, akakataa, akasema yeye atakaa upande wa kuuliza. Wakamchagua mama mmoja anayeuza mboga.

Maji yalirudi siku ya Jumamosi. Yalitoka mekundu kwanza, na Jacktone akapiga kelele mtu asichote, yaachwe yaende. Yalitiririka barabarani mpaka karibu na lami, kisha yakawa kama chai ya maziwa, kisha yakawa maji. Foleni ilikuwa ndefu. Bridgit alikuwa nyuma yangu na mtungi wake mkubwa, ule usiobebeka na mtu mmoja ukijaa. Zamu yake ilipofika kwenye mfereji nilikuwa bado nimesimama pale, wangu umeshajaa. Wake ulipojaa, alishika upande mmoja wa mtungi, nikashika wa pili, tukaupeleka kwao kwanza, kwa kuwa ndiko karibu.